Kuomba hifadhi na kuishi kama mkimbizi Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu Kenya chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, pamoja na kanuni zake za 2024. Ushauri mwingi unaozunguka kwenye simu ni wa enzi ya sheria ya 2006. Usiutegemee bila kuuliza. Na kabla ya swali la kwanza, shika hili: karatasi yako ya kwanza ndiyo inayozaa karatasi nyingine zote. Jina likikosewa pale mwanzoni, litakusumbua hadi kwenye kibali cha kazi, cheti cha mtoto na mahojiano ya kuhamia nchi nyingine.

Nani anaamua kwamba mimi ni mkimbizi, serikali au UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi?

Serikali ya Kenya, kupitia Idara ya Huduma za Wakimbizi inayoongozwa na Kamishna wa Wakimbizi. Wengi huita DRS. Zamani UNHCR ndiyo iliyosajili na kutoa ile barua iliyojulikana kama mandeti, na ndiyo maana hadi leo kuna watu wanaopanga foleni kwenye lango lisilo lao. UNHCR bado ipo: inasaidia kwa fedha na ushauri, inafuatilia ulinzi, na ndiyo inayopendekeza majina kwa nchi za tatu, yaani nchi nyingine zinazowachukua wakimbizi walioko Kenya. Lakini hadhi yako inatolewa na serikali.

Nimevuka mpaka bila pasipoti. Nitashtakiwa?

Sheria inamtambua anayeomba hifadhi hata kama aliingia kwa njia zisizo rasmi, mradi ajitokeze mwenyewe. Unatakiwa kufanya hivyo mara tu unapoingia, au ndani ya siku 30. Siku hizo zikipita usijifiche. Nenda, na ueleze sababu ya kuchelewa: ulikuwa hospitalini, hukujua ofisi, ulizuiliwa njiani. Kuchelewa kulikoelezwa kunavumilika kuliko kukamatwa kwenye msako huku huna hata kipande cha karatasi. Ukikamatwa kabla hujajiandikisha, sema waziwazi, kituoni na mbele ya hakimu, kwamba unaomba hifadhi. Kuna watu waliokubali kosa la kuwa nchini bila kibali kwa sababu hawakuelewa lugha ya mahakama, wakahukumiwa kurudishwa kulekule walikokimbia. Mkalimani ni haki yako. Mwombe kabla ya kujibu lolote.

Najiandikisha wapi, na nibebe nini?

Kambini Dadaab (Kaunti ya Garissa) au Kakuma (Turkana). Anayetoka Sudan Kusini hupokelewa kwanza Nadapal, mpakani mbele ya Lokichoggio. Kwa Nairobi, usajili kwa miaka mingi umefanyikia Shauri Moyo, lakini zoezi la mijini hufungwa na kufunguliwa mara kwa mara, na anayefika wakati limefungwa huelekezwa kambini. Uliza kabla ya kulipa nauli ya familia nzima.

Beba chochote kinachoonyesha wewe ni nani: kitambulisho cha nyumbani, kadi ya kura, cheti cha ubatizo, cha shule, cha ndoa, kadi ya chanjo ya mtoto. Kutokuwa na kitu hakukuzuii. Familia yote iende pamoja, maana kila mtu anapigwa picha na wenye umri unaotakiwa huchukuliwa alama za vidole. Asiyekuwepo huachwa nje ya karatasi ya familia, na kumwingiza baadaye ni kazi ya miezi.

Usajili haulipiwi, wala fomu, wala picha.

Ni makosa gani ya usajili yanayoumiza baadaye?

Matano tunayokutana nayo kila wiki.

La kwanza ni majina. Mkongo ana jina, jina la ukoo na jina la ubatizo; karani anataka la kwanza, la kati na la mwisho. Matokeo yake, baba ni mtu mmoja kwenye karatasi na mtoto ni wa ukoo mwingine. Mwandikie karani mwenyewe, kwa herufi kubwa, kisha usome karatasi kabla ya kuondoka. Marekebisho ya siku ileile huchukua dakika. Ya mwaka ujao yatahitaji hati ya kiapo.

La pili ni waliobaki nyuma. Mume aliyepotea, mtoto aliyeachwa kwa bibi kule Uvira, Kongo, mke wa pili: wataje wote hata kama hawako Kenya. Usipomtaja mtoto leo, kesho ukitaka aungane nawe utaulizwa alitoka wapi.

La tatu ni kumwongeza mtu asiye wako. Mtoto wa jirani anaandikwa kama wa kuzaa ili apate mgao. Huruma ipo, lakini kipimo cha vinasaba nacho kipo. Mtoto unayemlea ana nafasi yake kwenye fomu, na anaandikwa hivyohivyo, kama mtoto wa kulelewa.

La nne ni kuficha kwamba ulishajiandikisha Uganda au Tanzania. Alama za vidole hazisahau. Ukisema mwenyewe na kueleza kilichokufanya uondoke huko, una la kujitetea. Ukingoja mashine ikuseme, kila neno lako lingine nalo litatiliwa shaka.

La tano ni umri. Kujipunguza ili uhesabiwe mtoto, au kujiongeza ili upate kadi, kunafunga milango usiyoiona sasa.

"Mwomba hifadhi" na "mkimbizi" wana tofauti gani?

Mwomba hifadhi amesajiliwa na anasubiri uamuzi. Ana pasi ya mwomba hifadhi. Mkimbizi amekubaliwa, akiwa na miaka 18 au zaidi hupewa kadi ya mkimbizi, ile ambayo mitaani huitwa alieni. Wote wawili hawaruhusiwi kurudishwa kwa nguvu mahali maisha yao yatakuwa hatarini. Tofauti inaonekana kwenye mambo ya kila siku: benki, kibali cha kazi na ofisi nyingi huikubali kadi na kuikataa pasi. Zote zina tarehe ya mwisho. Anza kuhuisha miezi miwili au mitatu kabla, maana foleni ya kuhuisha haimngoji mtu.

Mahojiano ya hadhi yakoje?

Unahojiwa na ofisa, mkalimani akiwepo, na watu wazima wa familia huweza kuhojiwa kila mmoja peke yake. Ofisa anatafuta mambo mawili: je, unayoyasema yanaaminika, na je, yanaingia kwenye sheria? Sheria ya Kenya ina milango miwili. Wa kwanza ni hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya kabila au rangi, dini, uraia, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Wa pili umetoka kwenye Mkataba wa nchi za Afrika wa 1969: umekimbia uvamizi, au machafuko yaliyovuruga vibaya utulivu wa sehemu ya nchi yako au nchi nzima. Aliyekimbia mapigano Kivu halazimiki kuonyesha kwamba bunduki ilimlenga yeye binafsi. Umaskini, ukame peke yake au kutafuta kazi haviingii kwenye mlango wowote.

Kinachoangusha watu mara nyingi si uongo, ni tarehe. Mtu hajui tarehe lakini anaona aibu, basi anabuni. Mwaka mmoja baadaye anabuni nyingine, na ofisa anaziweka faili mbili pamoja. Kama hujui, sema hujui, kisha ushikize tukio kwenye jambo unalolijua: ilikuwa msimu wa kuvuna maharage, wiki moja baada ya mtihani wa darasa la sita, kabla ya uchaguzi. Hilo lina nguvu kuliko "tarehe 14".

Kitu cha pili ni hadithi za kununua. Kuna watu Eastleigh na Kayole wanaouza simulizi zilizotungwa. Maofisa wameshazisikia mara nyingi hadi wanaijua sentensi inayofuata. Mwenye kisa cha kweli anayekizika chini ya kisa cha kununua amejinyonga kwa kamba aliyoilipia.

Mkalimani akikosea, simamisha palepale. Una haki ya kuomba mwingine, au mhojaji wa jinsia yako kama ulifanyiwa ukatili usioweza kuusema mbele ya mtu wa jinsia nyingine. Ukingoja hadi barua ya kukataliwa ndipo ulalamikie ukalimani, utaulizwa kwa nini ulinyamaza.

Inachukua muda gani?

Sheria inazungumzia siku 90. Kwa vitendo, wengi husubiri mwaka, wengine kadhaa. Namba ya simu iliyo kwenye faili iwe inapatikana. Ukibadilisha laini, kaiandikishe upya. Anayeitwa mahojiano asitokee, faili lake hufungwa.

Mbona jirani yangu wa Sudan Kusini hakuhojiwa hivyo?

Tangu 2014 Kenya huwatambua Wasudani Kusini kwa pamoja, kama kundi, kwa sababu hali ya nchi yao inajulikana. Wasomali nao walikuwa wakitambuliwa hivyo, lakini utaratibu wao ulifutwa Aprili 2016, na sasa kila mmoja huhojiwa. Mkongo, Mburundi na Mwethiopia huhojiwa mmoja mmoja. Si upendeleo wa karani.

Nimekataliwa. Nifanye nini?

Angalia tarehe uliyopokea barua. Una siku 30 za kukata rufaa kwenye Kamati ya Rufaa za Wakimbizi, na uamuzi wa kamati ukikuangusha, siku 30 nyingine za kwenda Mahakama Kuu. Barua inatakiwa ionyeshe sababu. Zijibu moja baada ya nyingine. Rufaa inayorudia kisa kilekile kwa machozi zaidi haisaidii. Inayosema "ofisa aliandika kwamba nilitoka Goma 2019, karatasi ya hospitali hii inaonyesha nilikuwa bado huko 2020" inasaidia. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, mkimbizi anaweza kupata wakili bila malipo. Kituo Cha Sheria na Refugee Consortium of Kenya wamezishughulikia kesi hizi kwa miaka mingi. Nenda wiki ya kwanza, usiende siku ya 29.

Je, ni lazima niishi kambini?

Kwa kawaida, ndiyo. Sheria inampa Waziri uwezo wa kutenga maeneo ya wakimbizi, na Dadaab na Kakuma (pamoja na makazi ya Kalobeyei jirani yake) ndiyo maeneo yaliyotengwa. Serikali ilipotaka kuwahamishia kambini wakimbizi wote wa mijini, Mahakama Kuu ilizuia agizo hilo Julai 2013; Machi mwaka uliofuata likatolewa agizo jingine la namna hiyohiyo, likafuatwa na msako wa Usalama Watch. Tangu hapo mji unavumiliwa zaidi kuliko unavyoruhusiwa. Wapo walioandikishwa Nairobi kihalali, na karatasi zao zinasema hivyo.

Kama umesajiliwa kambini, kutoka kunahitaji ruhusa ya kusafiri kutoka ofisi ya DRS ya hapo kambini. Sababu zinazokubalika kwa urahisi ni matibabu yenye barua ya rufaa, shule yenye barua ya kujiunga, mahojiano ya ubalozi, na biashara inayoonyesheka. Omba mapema, andika mji unaokwenda kweli, na urudi kabla ya tarehe. Nakala ya picha haitoshi kwenye vizuizi vya barabarani, beba halisi. Aliyeandikiwa Eldoret akakutwa Mombasa hana ruhusa.

Polisi wakinisimamisha mjini?

Onyesha kadi au pasi halisi, na weka picha zake kwenye simu ya mtu mwingine. Usitoe pesa: ukitoa leo, kesho utakuwa wa kwanza kutafutwa. Ukipelekwa kituoni, uliza jina la kituo na mpigie mtu anayeweza kuijulisha DRS, UNHCR au wakili. Katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24.

Naruhusiwa kufanya kazi?

Sheria ya 2021 inasema ndiyo: mkimbizi anaweza kuajiriwa, kufungua biashara au kufanya taaluma aliyosomea, mradi sifa zake zitambuliwe na mamlaka husika. Kati ya sheria na mshahara kuna ngazi za kupanda.

Kwa kuajiriwa unahitaji kibali cha kazi cha Daraja M kutoka Uhamiaji, na kwa mkimbizi hakina ada. Utahitaji kadi ya mkimbizi iliyo hai, barua ya mwajiri, vyeti, na barua ya mapendekezo ya DRS. Hapo kwenye barua ya DRS ndipo maombi mengi hukwama, ama kwa kuwa kadi imeisha muda, ama jina la kwenye cheti halilingani na la kwenye kadi. (Sasa unaona kwa nini tulianza na majina.) Waajiri wengi hukata tamaa kabla ya karatasi kurudi, kwa hiyo anza kukusanya zako kabla hujapata kazi, si baada.

Kwa vyeti: vya sekondari hulinganishwa na baraza la mitihani, KNEC, shahada zina utaratibu wake kupitia mamlaka ya sifa, KNQA. Diploma ya Kifaransa itafsiriwe kwanza na mtafsiri anayetambulika. Nesi, mwalimu na mhandisi wana bodi zao pia, na bodi ndiyo yenye neno la mwisho.

Kwa biashara ndogo, leseni ni ya kaunti. Mwenye duka Kakuma hulipa kaunti ya Turkana kama mwenyeji. Namba ya kodi ya KRA huombwa kwa namba ya kadi ya mkimbizi. Mfumo ukiikataa, tatizo huwa kwamba kadi bado haijaonekana kwenye hifadhidata, na kujaza fomu mara kumi hakutabadilisha kitu. Rudi DRS.

Mimi ni Mburundi. Si ninaweza kuishi hapa kama mwana Afrika Mashariki?

Inawezekana, lakini fikiri mara mbili. Sheria inamruhusu mkimbizi kutoka nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuachia hadhi yake kwa hiari ili atumie haki za Jumuiya. Hilo linagusa Warundi, Waganda, Wanyarwanda, Wasudani Kusini, Wakongo na, tangu 2024, Wasomali. Ila haki za Jumuiya zinataka pasipoti au kitambulisho cha nchi yako, maana yake kurudi kwenye ubalozi wa serikali uliyoikimbia. Ukishaachia hadhi, kinga ya kutorudishwa kama mkimbizi na nafasi ya nchi ya tatu vinaondoka nayo. Inamfaa mfanyabiashara ambaye kwao kumetulia. Haimfai anayetafutwa.

Mtoto wangu akizaliwa hapa anakuwa Mkenya?

Hapana. Uraia wa kuzaliwa unatokana na mzazi Mkenya. Lakini cheti cha kuzaliwa ni haki ya kila mtoto aliyezaliwa Kenya. Chukua karatasi ya taarifa ya uzazi hospitalini, au kwa chifu kama alizaliwa nyumbani, na ukamilishe kabla ya miezi 6. Ikipita hapo unaingia kwenye usajili wa kuchelewa wenye mlolongo mrefu. Kisha mwingize mtoto kwenye karatasi ya familia DRS. Wengi hufanya la kwanza wakasahau la pili.

Na shule?

Shule za umma huwapokea. Mwalimu mkuu ataomba cheti cha kuzaliwa kwa ajili ya usajili wa mwanafunzi na mitihani. Mtoto asiye nacho huanza masomo, kisha hukwama miaka kadhaa baadaye kwenye usajili wa mtihani.

Mgao wa chakula umepungua. Nani alaumiwe?

Chakula si cha serikali ya Kenya. Kinatolewa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, kwa fedha za wafadhili. Sehemu hupitia Bamba Chakula, ile pesa ya simu iliyoanza 2015. Wafadhili walipobana mifuko, mgao wa 2025 ulishuka chini ya theluthi ya kiwango kamili, na mwaka huohuo kaya zikagawanywa katika makundi manne kwa kadiri ya uhitaji, wanaohesabiwa kujiweza wakaachwa. Kama umewekwa kundi lisilo lako, wasilisha malalamiko yenye kitu cha kushika: mgonjwa mwenye karatasi, mlemavu, mama anayelea peke yake. Kundi hupangwa kwa kumbukumbu za faili, na faili la zamani linaweza kukuonyesha bado unaishi na mume aliyeondoka kitambo.

Mpango wa serikali uitwao Shirika utanipa kitambulisho cha Kenya?

La. Mpango huo, uliozinduliwa na Rais Ruto tarehe 28 Machi 2025, unalenga kugeuza kambi kuwa makazi ya kawaida ambapo mkimbizi na mwenyeji wanatumia shule, hospitali na soko moja, kaunti ikihudumia wote. Si uraia, na haufuti wenyewe masharti ya kusafiri. Wenyeji wa Turkana na Garissa wameuliza kwa sauti kubwa kuhusu ardhi na ajira, na swali lao ni la haki. Utafika taratibu, kulingana na fedha zitakazopatikana.

Ninaombaje kwenda nchi ya tatu?

Huombi. Hilo ndilo jibu ambalo watu hawalipendi. UNHCR huchagua kutoka kwenye faili, kwa makundi saba: hatari ya kisheria au ya kimwili, walionusurika mateso na ukatili, wagonjwa, wanawake na wasichana walio hatarini, watoto walio hatarini, kuunganisha familia, na wasio na suluhisho jingine linaloonekana. Muda uliokaa kambini haukupandishi peke yake. Duniani kote, wanaohamishwa kwa mwaka hawafiki asilimia moja ya wakimbizi wote. Dadaab Wasomali wana neno, buufis, kwa hamu hii inayomfanya mtu aache kazi na shule akingoja ndege. Ngoja ukiwa unafanya kitu.

Unachoweza kufanya ni kuweka faili sahihi: ripoti ugonjwa, tishio au ukatili ulipotokea, na upewe karatasi. Baada ya kupendekezwa, nchi husika hukuhoji upya, hukuchunguza kiusalama na kiafya. Shirika la kimataifa la uhamiaji, IOM, hupanga safari. Harusi, talaka au mtoto mpya katikati ya safari hii lazima vitajwe mara moja. Vitachelewesha, lakini kufichwa kwake huua faili.

Zipo njia za pembeni: ufadhili binafsi wa Canada na Australia, ambapo watu wa huko hukudhamini, na nafasi za chuo Canada kupitia WUSC kwa vijana wa Dadaab na Kakuma wenye alama nzuri. Canada ilisimamisha kupokea maombi mapya ya vikundi vya watu watano na ya wadhamini wa jamii tangu Novemba 2024. Mashirika yenye mkataba maalumu hayakuwa ndani ya katazo hilo.

Faili langu la Marekani limesimama. Limefutwa?

Amri ya rais wa Marekani ya Januari 2025 ilisimamisha mpango mzima wa kupokea wakimbizi, hata waliokuwa na tiketi mkononi. Kwa mwaka wa fedha ulioanza Oktoba 2025 kiwango kiliwekwa watu 7,500, kipaumbele wakipewa Waafrikana weupe wa Afrika Kusini. Faili lililosimama halijafa, ila vipimo vya afya na uchunguzi wa usalama huisha muda na hurudiwa. Huwezi kulihamishia nchi nyingine mwenyewe; waombe UNHCR walipitie upya.

Mtu anataka elfu sitini anisukumie faili.

Ni tapeli, hata akiwa na beji. Huduma zote hizi ni bure. Zaidi ya kupoteza pesa, ukibainika umelipa, faili lenyewe husimamishwa kwa uchunguzi. Ripoti bila kulipa, ukiwa na namba ya simu na ujumbe aliokutumia.

Mimi ni Mkenya, lakini wazazi waliniandikisha ukimbizi wakati wa njaa.

Hamko wachache. Maelfu ya vijana wa Garissa na kaunti jirani wamenyimwa kitambulisho kwa sababu vidole vyao vimo kwenye hifadhidata ya wakimbizi. Njia ni kuhakikiwa na kufutwa humo: kusanya vitambulisho vya wazazi, cheti cha kuzaliwa, rekodi za shule, barua ya chifu na wazee, kisha uombe kuhakikiwa. Usijaribu kujisajili kwa jina jingine. Vidole ni vilevile.

Nikiamua kurudi nyumbani?

Kurudi lazima kuwe kwa hiari, na unasaini fomu baada ya kuelezwa hali ya unakokwenda. Jiulize kabla ya kusaini, maana faili hufungwa, na ukirejea Kenya utaanza upya ukiwa na swali moja gumu zaidi la kujibu. Omba vyeti vya shule vya watoto na rekodi za kliniki kabla ya siku ya safari. Ukishafika Kismayo au Bor, hakuna wa kukufuatilia karatasi iliyobaki Kakuma.